Bima ya gari, inavyoonekana kutoka gereji

Mimi ni fundi wa bodi za magari, Tabata, Dar es Salaam. Kazi yangu ni kunyoosha, kupiga puti na kupaka rangi, na sehemu kubwa ya magari yanayoingia kwangu ama yameletwa na kampuni ya bima ama mwenyewe anataka bima ilipe. Kwa hiyo makaratasi ya bima nayashika kila siku kama ninavyoshika nyundo. Ninachokiona ni hiki: gari halikai gereji miezi mitatu kwa sababu bati limegoma kunyooka. Fenda ya IST nainyoosha asubuhi, jioni inasubiri rangi. Linalokaa ni lile ambalo karatasi zake zina kasoro, na kasoro yenyewe mara nyingi iliingia siku ya kukata bima, wala si siku ya ajali. Mwenye gari alikuwa na haraka, wakala akamjazia fomu, akasaini, akapewa stika, akaondoka.

Basi nieleze kwa mpangilio ninaoujua mimi, kuanzia kukata bima hadi siku unayokuja kuchukua gari lako kwangu.

Ndogo au kubwa

Tanzania gari haliruhusiwi kutembea barabarani bila bima. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ndiyo inayolazimisha hivyo, na inachotaka hasa ni kuwalinda watu wengine dhidi yako: ukimgonga mtu akafa au akaumia, pawe na mfuko wa kumlipa hata kama wewe mfukoni huna kitu. Hiyo ndiyo bima ndogo. Mikataba mingi huongeza na mali za watu, yaani gari ulilolivaa kwa nyuma, ukuta uliouangusha, genge la nyanya lililokuwa kando ya barabara, lakini kwa kikomo kilichoandikwa. Kisome hicho kikomo. Ukigonga gari la kifahari, kinachozidi kikomo ni deni lako wewe.

Gari lako mwenyewe kwenye bima ndogo halimo. Nalirudia hili kila wiki kwa watu wazima wenye akili zao. Mtu anakuja na gari limekunjika boneti, ananionyesha stika: "Fundi, bima ninayo." Naiangalia, ni ndogo. Namwambia, mzee, hii ni ya yule uliyemgonga.

Kwa gari dogo la binafsi, bei ya bima ndogo iliyozoeleka ni 118,000, yaani 100,000 ukijumlisha VAT ya asilimia 18. Bima kubwa inabeba hayo yote na gari lako juu yake: ajali, moto, kuibiwa. Bei yake inatokana na thamani ya gari, na kiwango utakachokisikia sana kwa gari la binafsi ni asilimia 3.5. Gari la milioni 14 linatoa 490,000, ongeza VAT 88,200, unalipa 578,200 kwa mwaka. Ipo na ya katikati, inayobeba moto na wizi bila kubeba ajali ya gari lako. Haitangazwi sana, lakini ukiiulizia utaipata.

Ukate ipi? Mimi naangalia kitu kimoja. Gari likiungua leo usiku, kesho utaweza kutafuta lingine bila kuuza kiwanja? Kama utaweza, na gari ni la zamani la milioni nne, bima ndogo si aibu. Kama hutaweza, jibana ukate kubwa. Kwa gari la mkopo, benki haikuulizi: itataka kubwa, na jina lake litaandikwa kwenye mkataba. Gari likiisha kabisa, yaani likiharibika hadi halifai kutengenezwa, benki inachukua chake kwanza, wewe unapewa kilichobaki, kama kimebaki.

Wazee wetu huku bara hawakuwa na shida ya kuchagua kampuni. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa 1963, likataifishwa lote 1967, na likawa peke yake hadi sheria ya 1996 ilipofungua soko. Leo kampuni ni nyingi, mawakala wako kila kona, wengine wamekaa chini ya mwavuli karibu na kituo cha daladala. Wingi huo umeshusha bei kidogo, umeleta na watu ambao hawajui wanachokiuza.

Fomu, mahali pesa zinapopotelea

Fomu ya maombi usimwachie wakala aijaze peke yake. Kila mstari kwenye ile karatasi utasomwa tena siku ya dai, na safari hiyo atausoma mtu asiye na haraka.

Anza na jina. Alikuja dada mmoja, gari limepigwa ubavuni pale Tabata Relini, milango miwili imeingia ndani. Bima kubwa, imelipwa, haijaisha. Akakaa kwenye benchi anapiga simu, kisha akaniambia:

"Fundi, hawa watu wananiambia gari si langu."

"Kadi ina jina la nani, dada?"

"La yule kaka aliyeniuzia. Lakini mkataba wa mauziano ninao, mwanasheria kagonga muhuri kabisa."

"Na bima ina jina la nani?"

Akanyamaza. Ya kwake ilikuwa na jina lake, kadi ina jina la kaka. Wengine huwa kinyume: bima ina jina la muuzaji, kwa sababu walinunua gari "bima yake bado ina miezi sita" na wakaona wameokoa hela. Ile bima ni makubaliano kati ya kampuni na muuzaji, haihami na gari mpaka kampuni ikubali na kuandika upya. Dada yule ilibidi amtafute muuzaji, wakafanye uhamisho wa umiliki TRA, ndipo dai likaanza kutembea. Gari likawa kwangu chini ya turubai muda wote huo, na yeye anapanda daladala. Ukinunua gari la mkononi, badilisha kadi kwanza, kisha kata bima kwa jina lilelile lililoandikwa kwenye kadi, herufi kwa herufi.

Halafu matumizi. Binafsi ni binafsi, biashara ni biashara. Vijana wengi wananunua Passo au Vitz, wanakata bima ya binafsi kwa kuwa ni nafuu, jioni wanawasha programu ya kubeba abiria. Ajali ikitokea abiria akiwa kiti cha nyuma, maelezo ya polisi yataandika "abiria", na kampuni itauliza abiria alitoka wapi. Hapo dai limeshalala. Tofauti ya bei kati ya binafsi na biashara ipo, sikatai, lakini ni ndogo kuliko bei ya injini. Na hata kama hubebi abiria wa kulipa, uliza familia yako iliyomo ndani ya gari inalindwa vipi wakiumia. Usifikiri kwamba kwa kuwa wamo garini basi wamo kwenye bima.

Kisha thamani, na hapa ndipo penye maumivu zaidi. Mtu ameagiza gari Japani. Gari pamoja na meli limemfikia bandarini kwa milioni 8. Ushuru, kodi na usajili vimekula milioni 6 nyingine. Akienda kukata bima anaandika milioni 8, kwa sababu ndiyo "bei ya gari" kichwani mwake, na bima inakuwa nafuu. Lakini gari hilo barabarani ni la milioni 14. Likiibiwa, atalipwa isiyozidi 8, na kwa 8 hapati mfano wake Dar es Salaam nzima.

Na si kuibiwa tu. Angalia kama mkataba wako una kipengele cha uwiano. Kikiwepo, maana yake ni kwamba uliyekata bima ya sehemu ya thamani utalipwa sehemu hiyohiyo ya hasara. Umekata milioni 8 kwenye gari la 14, umegonga, matengenezo ni 3,500,000. Zidisha kwa 8, gawa kwa 14: kampuni inahesabu 2,000,000, na hapo bado haijakata mchango wako kwenye dai, ambao nitaueleza mbele. Milioni moja na nusu unaitoa mwenyewe, na wewe unaamini una bima kubwa.

Kuzidisha nako hakusaidii. Ukiandika milioni 20 kwenye gari la 14, siku likiisha watalipa bei ya soko ya siku ile. Ulichokizidisha ni ada tu. Kila mwaka bima inapoisha, tembelea wauza magari wawili watatu, uliza gari kama lako la mwaka uleule linauzwaje, kisha andika hiyo.

Kama una rimu za spoti, redio kubwa ya kioo, au keria uliyochomelea mwenyewe, viandike na bei zake. Visipoandikwa, bima inajua gari lililotoka kiwandani. Na kwa sisi wa Dar, uliza kwa sauti kabisa kuhusu saiti mira na taa. Vitu vinang'olewa usiku gari limepaki nje ya geti, na mikataba mingine inaweka kikomo kidogo sana kwa wizi wa vifaa, au inakataa kabisa. Ndiyo maana watu wanachora namba ya gari kwenye vioo, taa na saiti mira. Haimzuii mwizi mwenye njaa, ila inamshushia bei sokoni.

Mafuriko nayo uliza. Mvua za masika pale Jangwani, Dar, unazijua. Gari likizolewa na maji limepaki ni habari moja, dereva akiingia kwenye maji kwa kiburi injini ikanywa ni habari nyingine, na kampuni hazizichukulii sawa. Vurugu na maandamano pia: kwenye mikataba mingi hayo hayamo mpaka uombe yaongezwe na uyalipie.

Kulipa, na kujua kama umelipa kweli

Tanzania bima inaanza ukishalipa. Hakuna kukatiwa leo ukalipa mwisho wa mwezi. Wakala akikwambia "wewe nenda tu, tutamalizana", ujue kama ukigonga njiani huna bima.

Ukishalipa, usiridhike na karatasi. Zamani stika feki zilikuwa zinatembea mjini, nyingine zimechapwa vizuri kuliko halali. Siku hizi hakuna sababu ya kudanganywa, kwa sababu Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa TIRA MIS. Unaingia kwa simu, unaandika namba ya gari, unaona bima ya kampuni gani, inaanza lini, inaisha lini. Fanya hivyo ukiwa bado umesimama mbele ya wakala. Kama haionekani, mwambie asubiri na wewe hapohapo mpaka ionekane. Trafiki akikusimamisha naye anaangalia hukohuko.

Nimeona pia watu wanaichanganya na stika ya Nenda kwa Usalama, ile ya ukaguzi wa polisi. Ile si bima. Kuwa nayo kwenye kioo ni vizuri, ila hailipi mtu.

Kwa wanaovuka mipaka, Namanga, Tunduma, Rusumo: bima yako ya hapa ikifika mpakani imefika mwisho. Omba kampuni yako ikupe Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA yenyewe lakini kwenye mpango wa kadi bado imo, na kadi hiyo inakubalika Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia, Malawi na kwingineko. Inabeba watu na mali utakazogonga ukiwa huko. Gari lako haliguswi nayo, hilo lizungumze na kampuni kama jambo la kando.

Siku yenyewe

Simama. Kama kuna aliyeumia, yeye kwanza, gari baadaye. Namba ya polisi ni 112. Majeruhi wa ajali hospitali watamuulizia PF 3, na fomu hiyo inatoka polisi, kwa hiyo mtu mmoja aende kituoni wakati mwingine anampeleka hospitali.

Usisogeze magari mpaka trafiki afike na achore mchoro. Wakati unasubiri, piga picha: namba za magari yote, magari yalivyokaa, alama za breki, leseni ya mwenzako kama atakubali. Watu wanapiga picha ya kidonda cha gari lao tu, karibu kabisa, hadi huwezi kujua ni barabara gani. Rudi nyuma hatua kumi, piga na barabara.

Sasa lile tunalolipenda sisi: kumalizana. "Kaka samahani, nimekosa mimi, nitakutengenezea, tusiite trafiki." Ni uungwana, na kwa mkwaruzo wa bampa sina neno. Lakini ukiwa na bima, mkataba wako una sharti kwamba usikiri kosa wala usiahidi malipo kabla kampuni haijakubali. Ukishaandikiana barabarani na baadaye ukakuta gharama ni milioni mbili, kampuni ina haki ya kukwambia: uliyemwahidi ni wewe, mlipe wewe. Kuwa mpole, mpe mwenzako pole, mpe jina lako na kampuni yako ya bima. Nani amekosa, trafiki ataandika.

Piga simu kwenye kampuni siku hiyohiyo, kabla ya kuita bredauni. Kampuni nyingine ina bredauni yake na gereji zake, na ukilipeleka gari kwa fundi wako bila kuwaambia, gharama ya kuvuta inakuwa yako. Muda wa kutoa taarifa umeandikwa kwenye mkataba na ni mfupi. Ajali ya Ijumaa usiku isisubiri Jumatatu.

Kutoka polisi utahitaji karatasi mbili zinazosumbua watu: PF 90, ambayo ni ripoti ya polisi kuhusu ajali, na PF 115, ya ukaguzi wa gari. Fuatilia mwenyewe, kwa heshima na bila kuchoka. Mafaili mengi yanayokwama kwangu yamekwamia hapo. Dereva aliyekuwa anaendesha awe na leseni hai na ya daraja linaloruhusu gari hilo. Leseni iliyoisha muda imewanyima fidia watu waliogongwa wamesimama kwenye taa nyekundu, ambao hawakuwa na kosa lolote lile. Pombe sina haja ya kuisemea.

Na kama uliyegongwa ni wewe, huna bima kubwa, bado usikate tamaa. Unaidai bima ya aliyekugonga. Ingiza namba ya gari lake TIRA MIS palepale barabarani, ujue kama ana bima na ni ya kampuni gani. Utahitaji ripoti ya polisi inayosema yeye ndiye mkosaji, na utahitaji uvumilivu, kwa sababu kampuni ile wewe si mteja wake.

Gari likishafika gereji

Hapa sasa ni kwangu. Kitu cha kwanza nitakachokuomba ni usiniambie nianze. Gari linatakiwa lionekane na mtathmini wa bima, asesa tunavyomwita, likiwa vilevile lilivyotoka kwenye ajali. Mteja mwenye haraka huniambia, "Fundi, wewe fungua tu bampa, ukanunue lingine Gerezani," yaani kule kwenye maduka ya spea. Nikifungua, asesa akija atakuta gari zima, atauliza ameitiwa nini. Hata vile vilivyovunjika sivitupi. Naviweka kwenye boksi, vikaguliwe.

Mimi naandika makadirio: spea, kazi, rangi. Asesa anaandika yake, anapita na yangu, anakata. Tunabishana kidogo, ndiyo desturi. Kisha kampuni inatoa barua ya kuruhusu kazi. Barua hiyo ndiyo inayoanzisha kazi, kwa hiyo usinipigie simu kila asubuhi kuniuliza gari limefika wapi kama barua haijatoka, wapigie wao. Mara nyingine tukishafungua tunakuta cha ndani: rejeta imepinda, au chesisi imesogea nyuma ya fenda, kitu ambacho kwa nje hakikuonekana. Hapo naacha kazi, naita asesa arudi. Fundi anayekwambia "tutamalizia humohumo" bila kuripoti, anamalizia kwa puti.

Kuna makato mawili yanayowashangaza watu. Moja ni mchango wako kwenye kila dai, eksesi. Chukua mfano mkataba unasema asilimia 10 ya dai, isipungue 250,000. Matengenezo ni 1,800,000. Asilimia 10 ni 180,000, iko chini ya kiwango, basi unachangia 250,000 na bima inalipa 1,550,000. Kwa mfano huohuo, mkwaruzo wa 230,000 hauna haja ya kupeleka bima kabisa. Na wa 300,000 je? Ukidai utapata 50,000, lakini utapoteza punguzo wanalopewa wasiodai mwaka mzima. Punguzo likiwa asilimia 20 kwenye ada ya 490,000, umepoteza 98,000 ili upate 50,000. Njoo tu unilipe mwenyewe, tutaelewana.

Makato ya pili ni uchakavu. Tairi lako lilikuwa limebaki nusu, limepasuka, bima haikupi jipya bure. Itakata ile nusu uliyokwisha itumia. Betri vilevile, na vipuri vingine vinavyolika. Kuhusu spea za bodi, uliza mapema kama kampuni inalipa mpya au mtumba. Kwa magari yetu ya Japani, taa ya mtumba iliyo safi mimi naipenda kuliko mpya ya kuigiza, ambayo baada ya masika mawili inaingia ukungu. Ila hilo likubaliwe kwenye karatasi, isiwe siri kati ya fundi na muuza spea.

Gharama zikikaribia thamani ya gari, kampuni itasema gari limekwisha. Watalipa thamani ya soko isiyozidi uliyoandika, watakata eksesi, na wao watachukua mabaki. Kama unayataka mabaki, unakatwa bei yake. Usiyatake kwa huruma. Nimeona watu wanakumbatia gari lililopinda chesisi kwa sababu lina historia ya familia, wanaishia kulipeleka kwa fundi kila mwezi na tairi linalika upande mmoja.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Ya mdomo haina kazi. Kama sababu haikuridhishi, andika malalamiko kwa kampuni, kisha TIRA, na ipo pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, ambayo ilianzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya watu kama sisi ambao hatuna hela ya wakili. Nenda na faili kamili: mkataba, risiti, nakala ya fomu uliyojaza, PF 90, barua ya kukataliwa. Ukienda na maneno matupu utarudishwa ukalete hayo.

Na siku ya kuchukua gari, kabla hujasaini karatasi ya kuridhika. Mafundi wenzangu watanuna, lakini nasema. Njoo mchana, si jioni, rangi haikaguliwi kwa taa. Simama pembeni ya gari, uangalie ubavu wote kwa urefu, kama kuna wimbi utaliona. Linganisha rangi ya mlango uliopakwa na ule wa jirani yake. Angalia nafasi kati ya boneti na fenda, kushoto na kulia ziwe sawa. Fungua na ufunge kila mlango, usikilize. Mwagia kioo maji, uingie ndani, uguse chini ya zulia. Washa AC, taa zote, honi. Liendeshe na mimi nikiwa pembeni, mahali palipo tambarare uachie usukani kidogo uone linavutwa upande gani. Fungua buti uhakikishe tairi la akiba na jeki vimerudi. Ukikuta kasoro, iandike kwenye karatasi hiyohiyo kabla ya jina lako, kwa sababu ukishasaini kampuni inanilipa mimi, na kuanzia hapo wa kumbembeleza ni mimi.